Uzi wa Kioo Mpaka kwa Mama

Jana usiku nililala nimeshiba uji wa mzazi, ambao mzazi mwenyewe aliukataa, nikaota naitwa kazini. Mimi ni fundi wa kuunga nyaya za faiba hapa Dodoma, kwa hiyo kuitwa kazini hakukunishangaza. Kilichonishangaza kidogo ni kwamba aliyeniita ni uzi wenyewe, ule mwembamba wa kioo, ukiwa umekaa kwenye kochi la sebuleni.

"Mwanao hana jina mpaka leo," ukasema.

Ni kweli. Katika ukoo wetu mtoto hapewi jina mpaka bibi mzaa baba amtazame usoni. Mama yangu yuko milimani Mbinga, magoti hayamruhusu kusafiri, na mtandao wa kule unapitisha sauti tu, picha inagoma. Mke wangu Desderia amechoka kumwita mwanawe "wewe". Mimi roho inaniuma.

"Nifikishe kwa mama," nikauambia.

"Twende. Ila usinikunje."

Tunaingia ndani ya uzi. Humo ni mwanga mtupu, na msongamano kuliko sokoni: picha ya mguu uliovunjika inamwahi daktari, kwaya nzima inaimba huku inakimbia, bao la mpira linapita na golikipa wake. Kila mmoja ana rangi yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mimi nimepakata uso wa mwanangu. Kwenye kona nageuka kwa pupa, uzi unakunjika, nyusi za mtoto zinamwagika nje. Narudi kuziokota.

"Nilisema," uzi unaniambia, basi.

Mara tukatokea kwenye kaunta ya benki. Keshia alikuwa Udongo, amevaa tai.

"Mimi si ghali sana," uzi ukaninong'oneza. "Ghali ni huyu."

Udongo alikohoa vumbi. "Kunichimba kuna gharama. Barabara inataka kibali, mwamba unataka baruti, mto unataka kuombwa kwa adabu. Yote hayo kwa bibi mmoja?"

"Kwa bibi mmoja. Na majirani zake nao wana wajukuu."

Udongo akalegeza tai. "Haya, chimba. Sitakaza."

Nachimba kwa mwiko wa ugali. Milima inakunja miguu nipite. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kazini.

Kwenye mibuni ya mama uzi unaisha. Mlango wake ule pale, nauona. Naushika uzi niuvute.

"Ukinivuta nitakatika," unasema.

Nikakaa chini nikalia, kulia hasa. Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Unalia nini, baba?"

"Uzi haukufikii, mama."

"Kwani mimi siwezi kuufikia?"

Akabeba kigoda chake, akaja polepole na magoti yake, akaketi mbele ya ncha ya uzi.

"Mama, ni marufuku kuchungulia hapo. Mwanga wake unaharibu macho."

"Nimechungulia vyungu vya moto maisha yangu yote," akasema, akachungulia.

Nikaamka. Kumekucha, simu inaita, Desderia ameketi kitandani ananyonyesha. Nikapokea; aliyepiga alikuwa mama.

"Aitwe Kinunda, kama babu yake," alisema, hata salamu hakuna. "Akipiga miayo mdomo unakwenda upande, kama marehemu."

"Mama, mdomo wa mtoto hauendi upande."

"Haya," akasema, akakata simu.

Nikamgeukia Desderia nimweleze kwamba mama amempa mtoto jina la babu, Kinunda, na kwamba sijui amemwona wapi. Kabla sijamaliza, mtoto aliachia ziwa akapiga miayo, ya kwanza niliyoishuhudia mimi, na mdomo ukaenda taratibu upande wa kushoto.

Desderia alimpangusa maziwa mdomoni.

"Kinunda," akamwita.