Wanaoshusha Wastani

Wiki ya pili baada ya kumzika mkewe, mwalimu wa hesabu alirudi kazini. Aliingia darasa la mtihani, akafuta ubao, akaandika swali la kwanza la karatasi ya mwaka juzi kana kwamba alikuwa ametoka tu kwenda kunywa maji. Wanafunzi walimwita Kokotoa, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Asubuhi hiyo walikuwa wamejiandaa kumpa pole. Kiranja alishasimama na maneno yake tayari.

"Kaa," Kokotoa alimwambia. "Toa bikari yako."

Kiranja akakaa, akatoa bikari.

Walimu wenzake walisubiri alie, au akonde, au apayuke. Hakufanya lolote katika hayo. Alikula alipopewa, na wengine walipocheka naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Ukimwomba abadilishane vipindi, sawa. Ukimwomba asimamie usafi, sawa. Jioni binti yake aliyeolewa mji mwingine alikuwa akipiga simu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Hapo alikwama. "Chakula," alisema mwishowe, na binti akamtakia usiku mwema.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mama mpole wa sauti, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na hata akikufukuza kazi ungetoka umemshukuru.

"Mwalimu wangu," alianza, "wastani wetu unavuja. Nimewaangalia wanaouvujisha, wako saba. Tukiwatoa hao saba, shule inapanda mpaka nafasi ya nne."

"Kuwatoa vipi?"

"Si kuwafukuza, jamani! Wanahamia kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni uleule, karatasi ni ileile, ila hawahesabiwi kwetu. Usajili unafungwa Ijumaa. Nilitaka uwaambie wewe, maana wanakusikiliza."

"Sawa," alisema Kokotoa.

Aliwaita mmoja mmoja kwenye stoo ya maabara, katikati ya mizani mibovu na chupa zilizofutika majina. Mmoja alilia. Mwingine aliuliza kama ataruhusiwa kuendelea kuvaa sare, akajibiwa kuwa sare ni yake, avae. Wa mwisho alikuwa yule waliyemwita Dada Mkubwa. Aliacha shule akiwa na mimba, akalea, kisha akarudi na kukaa dawati la nyuma akiwa na miaka ishirini na mbili, magoti yakigusa ubao wa dawati. Masomo mengine alijikongoja vizuri tu. Hesabu ndiyo iliyomgomea.

"Kaa," Kokotoa alimwambia.

"Nasimama tu, mwalimu. Habari ya kuambiwa ukae huwa si nzuri."

Akamweleza. Dada Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Na huko kituoni nani atatufundisha?"

"Hakuna mwalimu huko. Ni mahali pa kufanyia mtihani tu."

"Basi mmeshatufelisha," alisema Dada Mkubwa, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Kilichobaki ni karatasi."

Akaaga kwa adabu, akatoka.

Kokotoa alibaki amesimama stoo, akingoja aone aibu. Alijua ilipaswa kuja. Ilikuwa kama jino lililopigwa sindano ya ganzi: unasikia linavutwa, unasikia hata mfupa ukilia, lakini maumivu yenyewe huyaoni. Alifunga stoo, akarudi darasani kukokotoa.

Jumatatu iliyofuata, vipindi vilipokwisha, hakwenda nyumbani. Baadaye watu walisema alisukumwa na huruma, wengine wakasema ni dhamiri. Haikuwa hivyo. Nyumbani kulikuwa na kiti kimoja alichokikwepa na kingine alichokikalia, na kutoka saa tisa mpaka giza liingie ni muda mrefu wa kukaa kwenye kiti. Kituo cha watahiniwa kilikuwa njiani. Ulikuwa ukumbi wa elimu ya watu wazima, uliogawanywa kwa mbao nyembamba; upande wa pili wanawake walijifunza ushonaji, na cherehani zilikuwa zikinguruma kwa zamu. Aliwakuta wanne kati ya wale saba wamekuja kuulizia ratiba. Akawatazama. Wakamtazama.

"Kuna chaki humu?" akauliza.

Kesho yake walikuja sita. Wa saba hakuonekana tena, na baadaye ilisemekana amekwenda kufanya kazi kwa mjomba wake.

Akawafundisha mtihani, maana hesabu yenyewe haikuwa na muda wa kutosha. Aliwaambia karatasi ya mtihani ni kama mti wa matunda, unachuma kwanza yaliyoiva. Aliwaambia waandike njia hata kama jibu hawalijui, kwa sababu njia nayo ina alama zake, na msahihishaji aliyechoka humwonea imani mtu aliyejaribu. Aliyasema hayo kwa sauti moja iliyonyooka, na cherehani zikimzidi nguvu, alisimama akangoja zitulie.

Siku moja aliwapa karatasi nzima, akakaa akiwaangalia. Hapo ndipo alipogundua ugonjwa wa Dada Mkubwa. Wenzake walikuwa wamefika nusu ya karatasi, yeye alikuwa bado swali la kwanza, amelifuta mpaka karatasi imetoboka.

"Kwa nini huendi mbele?"

"Siwezi kuliacha, mwalimu. Nikiliacha nahisi limenishinda."

"Swali si mume," alisema Kokotoa. "Likikusumbua, liache."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dada Mkubwa alicheka mpaka akaegemea ukuta wa mbao, na upande wa pili mama mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, rudia, na sisi hatujasikia vizuri!" Wakacheka upya.

Kokotoa naye alikuwa akitabasamu, na akilini alishaanza kupanga namna ya kumsimulia mkewe akifika nyumbani: ataanza na karatasi iliyotoboka, halafu ile sauti ya yule mama. Alifika mbali katika kupanga. Kisha akakumbuka.

Chaki ilibaki hewani. Cherehani moja ikaanza tena, ikasimama.

"Mwalimu," Dada Mkubwa aliita taratibu, "tuendelee?"

"Tuendelee," alisema, na wakaendelea na swali la pili.

Habari zilimfikia mkuu. "Nasikia unawafundisha wale," alimwambia koridoni. "Watu watasema tumewatupa, halafu tunawaokota."

"Ndivyo ilivyo," alijibu Kokotoa. Hakuwa na ubishi. Aliona tu kuwa ni kweli. Mkuu akavaa miwani, akamwangalia, akaivua. Alisema maadamu si saa za kazi, haina neno.

Mtihani ulifanyika, ukapita. Matokeo yalipotoka, shule ilishika nafasi ya nne, kama mkuu alivyopiga hesabu. Wakanywa soda katika ukumbi wa shule, wakapigiana makofi, na Kokotoa akasimamishwa apungie mkono. Kati ya wale sita wa kituoni, watatu walifeli hesabu. Dada Mkubwa alipata D, alama ya chini kabisa kati ya zinazohesabiwa kuwa ni kufaulu, nayo ilimtosha kuingia chuo cha uuguzi. Alikuja na mwanawe mgongoni kumwambia, amevaa viatu vipya vilivyombana.

"Swali la kwanza nililiruka," alisema. "Nikalirudia mwisho. Bado likanishinda."

"Vizuri," alisema Kokotoa. Alimkaribisha kiti, akaamini kwamba yeye mwenyewe amefurahi, kwa kuwa ndivyo mtu anavyofurahi kwa jambo kama lile.

Mwaka mwingine ukaingia, na majaribio mengine. Mkuu alimwita ofisini.

"Mwaka huu wako watano tu," alisema kwa ile sauti yake. "Tumepiga hatua."

"Waambie wewe, Mkuu."

"Lakini wewe ndiye wanayekusikiliza."

"Ndiyo maana sitawaambia."

Mkuu alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha akasema haya, atawaambia mwenyewe. Na kweli aliwaambia: wanne wakahamia kituoni, na wa tano babake akaja juu, akakataa, mtoto akabaki. Ratiba ya jioni kule kwenye ukumbi wa cherehani ikaendelea kama mwaka uliopita.

Lakini siku ile, Kokotoa alipotoka ofisini, masikio yalikuwa yakimwaka moto. Aliingia chumba cha walimu akavuta kiti. Mwalimu wa jiografia, aliyekaa naye meza moja, akamtazama.

"Vipi, unaumwa?"

Kokotoa alifikiri kabla ya kujibu, kwa maana alitaka kuwa na uhakika.

"Hapana," alisema. "Nimekasirika."

Akavuta rundo la madaftari, akatafuta kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha.