Kikombe cha Wifi

Kaka yangu anauza maziwa, na kwake hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa maziwa. Mkewe alipoanza kulalamika mifupa inamuuma, alimwekea kikombe asubuhi, mchana na jioni. Alipovunjika mkono kwa kuinua sufuria tu, kaka akaongeza na vidonge vya kalsiamu. Wifi akazidi kwisha: kiu, kichefuchefu, kusahausahau. "Kaka yako ananilisha kama ndama," aliniambia kwa ile sauti yake iliyosikika mpaka barabarani. Tukacheka, wapumbavu sisi.

Hospitalini, daktari alimgusa shingoni. "Humu mna tezi nne ndogo kama punje za mchele. Kazi yao ni kupima kalsiamu ya damu. Moja ina uvimbe. Inainyang'anya mifupa kalsiamu na kuijaza kwenye damu. Kuanzia leo, maziwa marufuku." Nilimhurumia kaka, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi.

Wakampasua. Uvimbe ulikuwa saratani ambayo daktari mwenyewe alikuwa ameisoma vitabuni tu, imegandamana na neva ya sauti. Ikabidi uvimbe na neva viondolewe pamoja. Wifi akaamka na mnong'ono.

Kesho yake nilimkuta midomo inamcheza na vidole vimejikunja. "Maziwa," alinong'ona. Kaka alikuwa ameketi pembeni yake kama askari.

"Anayaomba tangu asubuhi. Nimemkatalia. Daktari si alikataza?"

Nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio na sindano. "Baba, uvimbe umeshatoka!" alimfokea. "Sasa mifupa ina njaa, inafyonza kalsiamu yote. Mpe!"

Basi kikombe kikarudi mezani, na furaha kidogo nayo ikarudi. Kila mwezi wifi alipimwa damu. Kalsiamu isipopanda, tulijua saratani haijarudi, tukapumua. Juzi ilikuwa imepanda, na picha zikaonyesha saratani imefika kwenye mapafu. Daktari alisema hakuna tena pa kukata.

Tulirudi nyumbani. Kaka hakuvua hata viatu. Alikichukua kikombe, akakiosha, akakifungia kabatini. Wifi alinong'ona kitu. Ikabidi kaka apige magoti ndipo amsikie.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Anasema ndama ana kiu."

Alifungua kabati, akakitoa kikombe, akamimina mpaka maziwa yakafurika mezani. Nilitoka nje nikalie huko.