Miti Tisa Chini ya Ufa

Burulcha hakuwa mtu wa kubishana. Hata akipunjwa dukani alinyamaza. Lakini asubuhi ile alipomkuta jirani yake Eshimkul akiipogoa miaprikoti tisa aliyoipanda marehemu mama wa Burulcha, alimwambia aache.

Tetemeko la mwisho wa baridi lilikuwa limepasua mteremko juu ya bustani. Chini ya ufa, ardhi yote ilisogea mashariki hatua tatu, pamoja na miti na njia ya zamani ya kijito. Maji yalipofika kwenye ufa hayakuikuta njia yao. Yakachimba nyingine, yakapita ndani ya bustani ya Burulcha, na miti tisa iliyopandwa kando ya kijito ikabaki ng'ambo, upande wa Eshimkul.

Mzee Kalmurat, mgawa maji wa kijiji, aliitwa kuamua. Aliegemea jembe lake akasema mpaka wa mashamba yale ni kijito, na kijito kikihama, mpaka huhama nacho. Baba yake aliamua hivyo mwaka wa mafuriko. Eshimkul akadakia akiuliza mwanamke asiye na mume atazipeleka wapi aprikoti zote hizo. Watu wakacheka.

"Baba Kalmurat," Burulcha alisema, "mwaka ule yalihama maji. Safari hii imehama ardhi. Hebu tazama kule juu."

Aliwaonyesha makorongo matatu ya mlimani. Yote yalishuka yamenyooka, yakafika kwenye mstari wa ufa, yakapinda kuelekea mashariki, ndipo yakaendelea kushuka. Lile la zamani zaidi lilikuwa limepinda hatua mia nzima. Ardhi ile, aliwaambia, imekuwa ikisogea tangu kabla kijiji hakijakuwepo. Miti ya mama yake haikuvuka maji, bado ilisimama kwenye udongo uleule iliopandwa.

"Chuo kimekupa maneno mengi, binti," mzee akasema. "Mimi natazama maji."

Burulcha alirudi nyumbani, chai ikampoa mkononi. Kilichomkasirisha si kukosea kwao. Ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeinua shingo kuyatazama makorongo.

Kabla ya mifereji kufunguliwa kila masika, kila nyumba husafisha kipande chake cha kijito, na haruhusiwi mtu kugusa kipande cha mwenzake. Pale penye ufa palikuwa kipande cha nyumba ya kina Burulcha. Kesho yake alfajiri alichukua jembe, akachimba kuufuata ufa, hatua tatu za mawe na tope, mpaka akaifikia njia ya zamani.

Eshimkul alikuja mbio na mgawa maji, akilalamika kwamba Burulcha anaiba maji.

"Nasafisha kipande chetu," alisema bila kuinua kichwa.

Maji yalipinda kwenye ufa, yakaingia njia yao ya zamani, yakashuka hadi kwenye mlango wa mfereji wa Eshimkul mwenyewe, uliokuwa mkavu tangu tetemeko. Eshimkul akayatazama yakiingia shambani kwake, akainama kuondoa majani makavu mlangoni mwa mfereji.

Kalmurat alikohoa. Mpaka ni maji, akasema, kwa hiyo miti ni ya Burulcha. Akasimama akingoja kushukuriwa.

"Hata jana ilikuwa yetu, baba," Burulcha akamjibu, akaendelea kuchimba.