Kinyozi Aliyemfunga Thad Haugen

Watu wa mlima wa Cutter, kaskazini kabisa mwa California, hawakuwa na mazoea ya kukusanyika kumsikiliza Rais, awe nani. Kwa miaka mingi, neno "serikali kuu" likitajwa mbele yao, kitu cha kwanza walichofanya ni kutazama juu kutafuta helikopta. Lakini jioni ile ya Oktoba ukumbi wao wa mbao ulijaa pomoni, maana ilikuwa imevuma kwamba Rais angezungumzia bangi.

Marlys Haugen alikaa safu ya pili, karibu na jiko la kuni. Kando yake alikaa jirani yake Lowell Danforth, mzee mwembamba aliyekuwa kinyozi mjini enzi zake, ameshika kipande cha pai ya tofaa ambacho hata hakukigusa.

Rais alitokea kwenye televisheni, tai ya bluu, nywele zimelazwa vizuri. Alizunguka kidogo kama kawaida ya wanasiasa, kisha akafika penyewe. Haiwezekani, alisema, mtu awe raia mwema kwa sheria ya jimbo lake na mhalifu kwa sheria ya nchi yake, na yeye amesimama palepale shambani kwake. Kuanzia sasa angetaka kila jimbo liamue lenyewe, na serikali kuu ikae pembeni. Na wale waliofungwa na mahakama za serikali kuu kwa jambo ambalo majimbo yao yaliliruhusu angewasamehe, walio hai na waliokwisha kufa.

"Amekumbuka leo!" alipaza sauti Dewitt Sorrel, mfuga mbuzi wa bondeni. "Mimi nimeshauza shamba, ndiyo ananiambia nilime!"

"Wewe ulikuwa hulimi, Dewitt," mama mmoja alimjibu kutoka nyuma. "Ulikuwa unavuta ya wenzako."

Ukumbi ulicheka. Marlys naye alicheka, lakini macho yalimlowa, kwa kuwa kicheko kile, cha watu wengi kwa pamoja, alikuwa hajakisikia siku nyingi.

Yeye na mumewe Thad walikuja mlimani wakiwa vijana, na gari bovu, shoka moja na mbuzi aliyekuwa akiwachukia wote wawili. Walijenga nyumba kwa mbao za daraja lililobomolewa. Bangi walipanda kama wenzao wote walivyopanda, vichaka vichache katikati ya mahindi, ili wapate cha kununulia taa na viatu. Msimu wa mavuno wanawake walijaa jikoni kwa Marlys, mikasi mikononi, wakipunguza majani na kusengenya mpaka supu ya maharage inaungua. Helikopta ikisikika, wa kwanza kuisikia alimwambia jirani kwenye redio ya gari, "Shangazi anakuja na hajaalikwa," na dakika chache baadaye mlima mzima ulikuwa umenyamaza, nguo zimeanikwa, watu wanamwagilia nyanya kwa bidii ya ajabu.

Ilikuwa ni hofu, ndiyo. Lakini ilikuwa hofu ya kugawana, na kitu cha kugawana huwaweka watu pamoja. Siku hizo hakuna aliyeumwa peke yake wala kuzaa peke yake.

Kisha wananchi wa jimbo walipiga kura, wakaruhusu bangi kwa wagonjwa. Thad alifurahi kama mtoto. Aliacha kujificha. Alipanda bustani upande wa jua, mahali panapoonekana barabarani, akawa anawapelekea watu wenye saratani na wenye maumivu yasiyolala. Wengi hakuwatoza chochote. Daktari wa wilaya alijua. Polisi wa wilaya walijua pia, mmoja wao akija kila mwezi kumchukulia mama yake mgonjwa.

"Thad, usijiachie hivyo," Marlys alimwambia. "Hao wa hapa wamekubali. Wale wa Washington je?"

"Mama, sheria ni sheria. Watu wamepiga kura."

"Sheria ziko mbili."

"Basi mimi nakaa kwenye hii ya karibu," alisema Thad, akambusu kwenye paji la uso na kurudi kwenye miche yake.

Wale wa Washington walikuja asubuhi moja ya Septemba, ukungu haujaondoka. Waling'oa kila kitu, hata maboga. Thad alitiwa pingu amevaa viatu vya shambani, na polisi wa wilaya, yule wa mama mgonjwa, alisimama barabarani akitazama chini, kwani hakuwa na la kufanya.

Kesi ilisikilizwa mjini, katika mahakama ya serikali kuu. Marlys alikuwa amejiandaa kusikia mengi, ila hakujiandaa kwa lile lililotokea siku ya kwanza. Wakili wa Thad aliinuka kueleza kwamba jimbo lilikuwa limeruhusu. Jaji alimkatiza. Katika mahakama hii, alisema, sheria ya jimbo haihusiki, na haitatajwa mbele ya jopo. Jopo lilikuwa raia kumi na wawili waliookotwa huku na kule kuamua kesi. Waliambiwa jambo moja tu: je, mtu huyu alipanda bangi au hakupanda? Thad mwenyewe alikiri amepanda, na alipotaka kueleza kwa nini, akaambiwa ajibu alichoulizwa. Msemaji wa jopo alisimama, mwanamume mwembamba aliyenyoa vizuri, akasema ana hatia. Alikuwa Lowell Danforth.

Marlys alilijua jina lile baadaye, Lowell mwenyewe alipomtajia. Wiki chache baada ya hukumu alikuwa akipasua kuni, gari dogo la mjini likapanda kilima likigonga tumbo kwenye mawe. Mtu akashuka. Marlys alimtambua kabla hajafunga mlango.

"Umekosea njia," alimwambia, shoka mkononi.

"Hapana, mama. Nimekutafuta wewe."

"Kufanya nini? Umesahau kitu? Mbuzi amebaki, mfunge na yeye."

Lowell alivua kofia. Alieleza hapohapo, amesimama kwenye vumbi, maneno yakimkwama. Siku ile alipotoka mahakamani, mwanamke mmoja kwenye kiti cha magurudumu alimsimamisha kwenye ngazi, akamwuliza kama anajua Thad Haugen alikuwa akimlimia nani. Akamwambia habari ya jimbo, ya kura, ya daktari. Lowell alikuwa mmoja wa waliopiga kura ile. Aliipigia ndiyo. Hakujua kwamba mtu aliyekaa mbele yake, mikono juu ya meza, ndiye hasa aliyemkusudia alipopiga.

"Nilidhani anawauzia watoto," alisema. "Hatukuambiwa, mama. Naapa hatukuambiwa."

"Ungeuliza."

"Tulikatazwa kuuliza."

Marlys alimtazama. Alitaka kumchukia, na kwa muda aliweza. Kisha akaona mikono ya yule mtu, mikono laini isiyojua kazi ya shamba, akachoka ghafla.

"Unajua kupasua kuni?"

"Hapana."

"Kukamua mbuzi?"

"Hapana. Mimi ni kinyozi."

"Mungu wangu," alisema Marlys. "Wamemchukua mwanamume wangu wamenipa kinyozi."

Lowell alirudi mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata huo. Kuni zake zilikuwa za kuchekesha, vipande vinene huku vyembamba kule, lakini alizileta mpaka mlangoni. Kazi aliyoijua alifanya bila kuambiwa. Aliweka kiti barazani, akafunga shuka shingoni mwa yeyote aliyetaka. Watu wa mlima, waliokuwa wakikatana nywele kwa mkasi wa kukatia kamba, walianza kuja mmoja mmoja. Mwanzoni walikuja kumwona mtu aliyemfunga Thad. Baadaye walikuja kunyolewa. Dewitt Sorrel alisema hadharani kwamba hajawahi kupendeza hivyo tangu ubatizo.

Thad aliachiliwa baada ya miaka minne na ushei. Alirudi amekonda, nywele zimefika mabegani, sauti imeshuka. Wala hakuwa mgeni wa habari za kinyozi, Marlys alikuwa amemwambia kila alipokwenda kumtembelea. Jumamosi ile ya kwanza Lowell alisimama barazani na shuka lake mkononi, hajui akimbie au abaki.

Thad alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda, akaketi kwenye kiti.

"Haya, bwana," alisema. "Ulininyima miaka minne, usininyime na masikio."

Watu hawakujua kama wacheke. Lowell alimfunga shuka, akaanza. Mkasi ulilia, nywele zikaanguka barazani. Alipofika kwenye ndevu, akachukua wembe, na Thad akainua kidevu, akaacha koo lake wazi mbele ya yule mtu, macho amefumba, jua likimpiga usoni. Marlys alikuwa mlangoni. Kati ya siku zote alizoishi na mumewe, hiyo ndiyo aliyoirudia zaidi moyoni.

"Umemaliza?" Thad aliuliza baadaye.

"Nimemaliza."

"Basi yameisha. Marlys, mpe mtu huyu chakula."

Kwa Thad yaliisha kweli. Walikaa marafiki, wakigombana juu ya besiboli na namna ya kupika mayai, hadi moyo wa Thad uliposimama akiwa anarekebisha uzio, miaka kadhaa baadaye. Lowell akahamia mlimani moja kwa moja, kwenye kibanda cha jirani aliyeondoka. Na walioondoka walikuwa wengi. Jimbo liliporuhusu bangi kwa kila mtu, kampuni kubwa zilipanda mabondeni, ekari kwa ekari chini ya plastiki, na vichaka vichache vya mlimani havikuwa na maana tena. Ile sheria waliyoiomba miaka yote ilipokuja, ilikuja na wenyewe, wenye mitaji. Jiko la Marlys likabaki kimya.

Ndiyo maana usiku ule, wakishuka kutoka ukumbini kwa pikapu yake kuukuu, Marlys hakuwa na furaha ya kutosha kushangilia.

"Utamwombea Thad?" Lowell aliuliza.

"Nimwombee nini?"

"Huo msamaha. Si umesikia, hata waliokufa."

"Nikaombe msamaha wa nini, Lowell? Thad hakumkosea mtu. Angekuwepo angegombana na televisheni mpaka wamtoe ukumbini."

Lowell aligeukia dirisha. Walipita daraja, wakapita ghala lililoanguka. Marlys alipogeuka kumtazama, alikuta mzee wa watu analia bila sauti, kipande cha pai bado kiko mapajani, ndani ya kitambaa cha karatasi.

"Nini sasa?"

"Yeye alinisamehe," alisema Lowell. "Wewe ulinisamehe. Lakini lile neno nililosema bado liko kule, Marlys. Kwenye vitabu vyao Thad ana hatia, na aliyesema ni mimi. Nikifa litabaki."

Marlys aliendesha hadi getini kwa Lowell. Miaka yote hiyo alidhani ajuaye uzito wa jambo lile ni yeye na Thad tu. Alizima injini.

"Jumatatu," alisema. "Vaa koti zuri, siyo lile la mbuzi."

Walikwenda mjini kwa wakili kijana, binti aliyezaliwa kesi ikiwa imeshakwisha. Aliwasikiliza, akawauliza mara mbili kama walikuwa ndugu. Akawaonya kwamba maneno ya Rais ni jambo moja na ofisi zake ni jambo lingine, na kwamba wasubiri. Wakasubiri. Majira yalipita, Rais akazungumzia mengine, kule bungeni wakavutana kama kawaida. Lowell alipata fimbo. Marlys alipata maumivu ya goti.

Simu ilikuja mwishoni mwa kiangazi cha pili, adhuhuri. Marlys alikuwa akichimba viazi, Lowell akivitia kwenye kreti. Marlys alisikiliza, akasema, "Asante, binti yangu," akairudisha simu mfukoni mwa aproni.

"Imepita," alisema.

"Imepita nini?"

"Ile ya msamaha wa Thad. Jana."

Lowell aliketi chini, palepale kwenye udongo, fimbo ikaanguka upande. Marlys hakumwinua. Alimwacha alie apendavyo. Yeye mwenyewe alingojea machozi, hayakuja. Kilichokuja ni hamu kali, ya kumwona Thad akitokea nyuma ya nyumba na viatu vyake vya matope, amwulize kuna nini, amwambie, acheke.

Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka baharini. Zilibaki safu mbili za viazi.

"Lowell," alisema Marlys. "Mvua."

"Naiona."

Alimpa mkono akasimama. Walichimba bila haraka hadi matone ya kwanza yalipoanza, wakabeba kreti wakishika huku na huku, wakaingia ndani.