Nipe Mji

Usingizi unamchukua Adongo mchana kweupe, kitabu kikiwa kifuani, kidole kikiwa bado ukurasa wa tatu. Ni kitabu cha mwisho cha Wana wa Chupa, ule mfululizo wa watoto wanaotengenezwa maabara, mtoto mmoja anatolewa nakala mia, sura moja, sauti moja, na hakuna anayejua nani alitangulia. Vitabu vya mwanzo alivisoma na pacha wake, Apiyo, vichwa viwili juu ya mto mmoja, na Apiyo hana subira, anachungulia mwisho kisha anausema. Hiki kimetoka Apiyo akiwa ameshazikwa. Homa ilimchukua kabla watu hawajaamini kwamba ni homa, na tangu siku hiyo Adongo hajalia. Si kwamba anajikaza, hapana, amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Wajaluo wana jina kwa kila pacha: anayewahi kutoka ni Apiyo, mwenye haraka, na anayebaki nyuma ni Adongo. Wakubwa walinong'ona msibani, majina yamesema kweli. Adongo aliwasikia, akaendelea kuosha vikombe.

Basi macho yanajifumba, na ukurasa unakuwa barabara. Barabara nyeupe, haina mawe wala vumbi, inakwenda huku inajirudia, akipita kona anakuta kona ile ile inamsubiri. Hachoki, haogopi, anatembea tu, maana kuna jambo moja analolitaka huku na hajamwambia mtu, hata mama. Maisha yao yote Apiyo alikuwa anadai shikamoo yake. Mimi mkubwa wako, amkia kwa adabu. Naye Adongo anabenua mdomo, mkubwa gani, mkunga hajanawa mikono na mimi huyo nimefika? Hakumwamkia hata siku moja. Ulikuwa utani, lakini Apiyo ameondoka bila kuipata, na Adongo anataka kumpa. Shikamoo moja tu, halafu kila mtu ashike njia yake. Kando ya barabara amesimama mtu asiye na uso. Pale pangekuwa na macho pana ngozi tu, laini kama kiazi kilichomenywa. Nitampata wapi dada yangu, Adongo anamwuliza. Yule anasema, kitendawili. Adongo, mazoea yana taabu, anajibu, tega. Wawili walitoka njia moja, aliyetangulia ameachwa nyuma. Adongo anajaribu kivuli, siyo, anajaribu nyayo, siyo. Umeshindwa, anasema yule, nipe mji. Na hapa ndipo Adongo anapokosea, kwa sababu watoto wakitegeana vitendawili hutoa Ulaya, hutoa Makka, mtu hatoi kwao. Yeye anasema, nakupa Musoma. Haya, anasema asiye na uso, nimekwenda Musoma, nimekula, nimeshiba, ni mji wangu sasa, na jibu utalikuta humo humo.

Musoma imeshabadilika. Maduka yale yale, mteremko wa kwenda ziwani ule ule, ila watu wote wana sura moja. Muuza nyanya, fundi cherehani, askari wa barabarani, mama anayenyonyesha na mtoto anayenyonya, wote ni sura ya Apiyo, ambayo ni sura ya Adongo mwenyewe. Mwingine angepiga mayowe. Adongo anaona kawaida, anaanza na muuza nyanya. Shikamoo. Yule anajibu, salama. Anamwamkia fundi, shikamoo, fundi naye anasema salama. Mtaa mzima anaupita hivyo, shikamoo, salama, shikamoo, salama, mtaa ukiisha unaanza upya, na hakuna anayeitikia marahaba. Mbona hamuitikii, anamwuliza fundi anapomfikia tena. Fundi anakata uzi kwa meno. Sisi tumetengenezwa siku moja, anasema, hapa hakuna mkubwa. Apiyo angekuwepo angeidaka ile shikamoo kabla haijaisha kutamkwa, Adongo anamjua. Kwa hiyo hayupo. Anageuka aondoke, na pale kwenye ngazi za nyumba yao amekaa mmoja anakula karanga, anatafuna upesi upesi kama anayekimbizwa. Adongo anafungua mdomo aseme alichokuja kukisema, na yule anamtangulia, kama kawaida yake. Shikamoo, dada.

Adongo anadhani anataniwa. Acha, Apiyo, anasema, mimi ndiye nakuamkia wewe, wewe ndiye mkubwa. Nilikuwa, anasema Apiyo, anapangusa mikono kwenye sketi ya shule. Mimi nimeishia kumi na tano. Wewe juzi umetimiza kumi na sita, mama akakupikia maandazi, hukula. Umenipita, dada. Mwakani utakuwa umenipita zaidi. Nimekuamkia, itikia. Hapo Adongo anakiona kitendawili chote, kilivyo, aliyetangulia ameachwa nyuma. Anaona pia kwamba marahaba ni neno dogo lakini likitoka limetoka, Apiyo atakuwa mdogo wake na hatakua tena. Sitaki, anasema. Kifua kinamuuma, mara ya kwanza tangu msiba, kinamuuma hasa. Kitabu kinaishaje, anauliza, ili wakae kidogo. Apiyo anacheka. Safari hii sichungulii, soma mwenyewe. Kisha anasema tena, taratibu, yeye ambaye hakuwahi kujua taratibu ni nini, shikamoo, dada. Ukuta unaanza kuwa mweupe, ngazi zinakuwa mistari ya maandishi.

Adongo anafumbua macho. Jua bado liko dirishani. Kitabu kimelala kifuani, kimefunguka ukurasa wa mwisho, na yeye hakumbuki kukifikisha huko. Uani ungo unasikika, mama anapepeta mchele, na sauti yake inapita dirishani, jamani huko ndani, mnafanya nini kimya hivyo? Mnafanya, amesema, kama vile wako wawili.  Adongo hajui mama amesahau au amechungulia akaona. Anajigeuza kitandani polepole, aelekee ukutani, upande wa Apiyo, anafumba macho tena, na machozi yanashuka yenyewe yanalowesha mto. Marahaba, anasema. Halafu anatulia, anasikiliza kama kuna mtu atacheka.