Maoni ya Bwana Mizani

Siku binti wa Bwana Mizani alipoingia dukani, Sindano alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini nne mdomoni, anapima upindo wa gauni la bibi harusi mmoja asiyejua kusimama tuli. Hakumtambua mgeni. Aliona mwanamke kijana mwenye koti la maabara mkononi, akamwashiria akae kwenye benchi. Bibi harusi alipokwisha kwenda zake, yule mwanamke akasimama, akamwamkia kwa heshima, akasema yeye ni binti wa marehemu fundi mizani. Sindano akazitema pini zote kiganjani na kusahau hata kuitikia.

Ili ujue kwa nini alishtuka hivyo, turudi nyuma kidogo. Sindano ni jina alilolitumia kwenye blogu, nalo limemganda mpaka wateja wa cherehani wanamwita hivyo. Enzi zile, na wala si enzi za mababu, ni juzi tu, ila mambo ya mtandao yanazeeka haraka, kila mwenye jambo rohoni alikuwa na blogu. Hakuna aliyekuhesabia wafuasi. Uliandika ulichokiona siku hiyo, ukabonyeza, ukaenda kupika. Sindano aliandika habari za wateja wake bila kuwataja, kama yule mzee aliyeleta suruali ile ile mara tatu kwa mwaka ipunguzwe kiuno, kumbe anaumwa na hataki kusema. Rafiki yake Muuguzi aliandika aliyoyaona wadi ya watoto. Mwoka Mikate aliandika juu ya mke aliyemkimbia, na kwa miaka miwili hakuandika kingine, hadi wenzake wakamwambia basi, huyo mwanamke sasa tunamjua kuliko mama yake mzazi.

Na palikuwa na Bwana Mizani. Yeye hakuwa na blogu. Kutwa alizunguka madukani na sokoni akikagua na kutengeneza mizani, jioni akakaa kwenye kompyuta yake ya mezani, vidole viwili tu, anasoma blogu za wenzake na kuandika maoni chini yake. Aliambiwa mara chungu nzima afungue ya kwake. Alikataa katakata. Alisema kazi yake si kuuza nyama, kazi yake ni kuona kama imepimwa sawasawa. Basi kila andiko alilipima. Ataandika: robo kilo, ungeondoa aya ya kwanza, ambayo ni mfupa mtupu, tungefika gramu mia tatu. Watu walinuna, halafu wakarudi kuangalia wamepata ngapi.

Sindano alipoandika juu ya kifo cha mama yake, watu walimmiminia pole mpaka zikamchosha. Bwana Mizani aliandika mstari mmoja: dada, mizani yangu imegota, nipe mpaka kesho. Kesho yake akarudi kweli na aya tatu juu ya mama yake mwenyewe. Sindano alizisoma ameegemea cherehani, akalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa, ikabidi akifue na kukipiga pasi upya.

Kwa hiyo mtu akiniambia maoni ni takataka za chini ya ukurasa, namwacha aseme. Kundi lile liliishi kwenye maoni. Huko ndiko walikotaniana, wakazozana, wakaombana radhi, wakaulizana dawa ya mafua. Katika miaka tisa walikutana ana kwa ana mara nne tu, na bado kila mmoja alijua mwenzake anaamka saa ngapi.

Sasa, blogu zao zilikuwa kwenye jukwaa la bure, na wenye jukwaa siku moja wakaanza kubandika matangazo. Muuguzi aliandika juu ya mtoto aliyefia mikononi mwake, na kati ya aya ya pili na ya tatu likatokea tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Sindano alipandwa na hasira zisizoelezeka. Akawaandikia wenzake kwamba wamepanga kwenye nyumba ya watu, wenye nyumba wanaingia hadi chumbani bila kupiga hodi, na siku wakiamka vibaya watakuta virago vyao barabarani. Maneno yetu ni mali yetu, alisema, tuhame. Alilihubiri hilo miezi mitatu mpaka wakamwita mchungaji. Hatimaye wakakubali, na kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga kelele, yeye ndiye aliyetwishwa kazi. Akafunga kibwebwe, akajifunza asiyoyajua fundi cherehani wa kawaida, akawajengea tovuti yao wenyewe, kila mtu na ukurasa wake, funguo zote mkononi mwake.

Kosa lake lilikuwa hili. Wakati wa kuhamisha maandiko palikuwa na kisanduku kidogo cha kutia tiki: hamisha pamoja na maoni. Maoni yalikuwa elfu kumi na moja, na karibu nusu yalikuwa ya wale wanaouza dawa za kuotesha nywele. Sindano ni mtu asiyeruhusu uzi uning'inie kwenye nguo. Akaona hawezi kuingia nyumba mpya na taka za nyumba ya zamani, akaitoa tiki. Maandiko yatangulie, maoni atayachambua pole pole huko huko yalipo, kisha ayafuatishe. Maandiko yakafika salama salimini. Jumapili iliyofuata, kama walivyoahidiana, wakaunganishwa wote kwenye simu ili kila mmoja afute blogu yake ya zamani kwa wakati mmoja, wale wenye jukwaa wasibakiwe hata na nukta. Bwana Mizani, asiyekuwa na cha kufuta, ndiye aliyewahesabia. Moja, mbili, tatu. Walishangilia kama watoto waliofunga shule. Saa tisa alasiri Sindano alikuwa anapiga pasi, bado anatabasamu peke yake, alipokikumbuka kile kisanduku. Kola ya shati la watu iliungua.

Aliwaandikia wenye jukwaa akiwasihi. Wakamjibu kwa adabu sana kwamba kilichofutwa na mwenyewe kimefutwa. Haya, si alitaka mali iwe yake? Wenzake walipouliza maoni yako wapi, akasema yapo kwenye diski, anayachambua, atayarudisha akipata nafasi. Uongo mtupu. Akaurudia mwaka wa kwanza, akaurudia wa pili, mpaka watu wakaacha kuuliza, na taratibu wakaacha hata kuandika. Mwoka Mikate alioa tena, akakosa la kusema. Muuguzi akahamia kule kwenye mitandao ya mapicha kama dunia nzima. Bwana Mizani peke yake hakuuliza hata siku moja. Kisha akaugua, akafariki, na Sindano alikwenda mazikoni akasimama nyuma ya watu wote, kwa sababu alimwonea haya hata marehemu.

Ndiyo maana nikakwambia alizitema pini.

Binti alimwita shangazi, kwa kuwa marehemu alikuwa akimwita dada. Alieleza kwamba nyumbani kwao hakukuta kitu chochote chenye mwandiko wa baba yake isipokuwa risiti za vipuri, na kompyuta yenyewe ilishakufa. Lakini wiki za mwisho, pale kitandani, baba yake alimwambia kwamba maneno yake yako kwa Sindano.

"Kila jioni nilikuwa namwona anachapa," binti alisema. "Nilikuwa msichana na mambo yangu, sikuwahi kumuuliza anaandika nini. Sasa nataka kusoma, shangazi. Nipe nikasome."

Uongo wa diski ulikuwa pale pale kwenye ulimi, umezoea njia. Angeweza kusema diski imeharibika, binti angesikitika kidogo, wangekunywa chai, kila mtu na njia yake. Sindano aliitazama ile sura. Nyusi zilikuwa za baba mtu kabisa. Akapiga moyo konde.

"Sina," alisema. "Ya miaka tisa yote niliyafuta mimi, kwa mkono wangu. Halafu nikawadanganya wenzangu, na baba yako nikamdanganya."

Binti hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa akiyatazama mabaki ya vitambaa chini ya meza, kisha akauliza kama hakubaki hata moja. Sindano akajikaza. Akasema baada ya kuhama baba yake aliandika mawili matatu kwenye maandiko mapya, labda ishirini yanafika, hayo anaweza kumchapia sasa hivi. Akasukuma kando gauni la bibi harusi, akaweka kompyuta kwenye meza ya kukatia, akaingia upande wa nyuma wa tovuti, ule wa wenye funguo, ambao hakuugusa karibu miaka mitatu. Akaandika jina la Bwana Mizani ili mtambo umkusanyie.

Alitegemea ishirini. Mtambo ukaleta mia tatu themanini na saba.

Alidhani macho yamemdanganya. Akasogea. Karibu yote yalikuwa na maneno mekundu pembeni: yanasubiri idhini. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba siku ile ya kujenga tovuti, kwa kuwakomesha wauza dawa za nywele, aliagiza kwamba maoni yoyote kwenye maandiko ya zamani, ya mtu yeyote kati yao, yazuiwe kwanza mpaka yeye ayakubali. Taarifa ziende kwenye barua pepe yake. Na barua pepe yenyewe ilikuwa ile ya jukwaa la zamani, iliyofutika pamoja na blogu. Hakuna taarifa hata moja iliyomfikia.

Akafungua la kwanza kabisa. Lilikuwa chini ya andiko la yule mzee wa suruali, na tarehe yake ilikuwa siku nne tu baada ya kuhama.

"Dada, hii niliipima zamani nikasema robo kilo. Naona maoni hayakuhama pamoja nasi. Si neno, nitaandika upya ninavyokumbuka. Ila nimeisoma tena, na kumbe nilikupunja. Ni gramu mia tatu na hamsini."

Alijua. Wiki ile ile ya kwanza alishajua, na wakati Sindano anawaeleza habari za diski, yeye alikuwa keshaanza. Alianza andiko la mwanzo kabisa akaja nayo kwa zamu, la Sindano, la Muuguzi, la Mwoka Mikate, jioni baada ya jioni, vidole viwili, mpaka wiki tatu kabla ya kufa. Na kila alipobonyeza, ukurasa ulimjibu kwamba maoni yako yanasubiri idhini ya mwenyewe. Miaka miwili na zaidi alijibiwa hivyo. Sindano alilifungua moja la katikati, akakuta ameandika: bado hujayafungua, najua una kazi nyingi, mimi sina haraka.

Alilia, tena si kilio cha staha. Alilia ameshika ukingo wa meza, anasema alikuwa ananingoja, alikuwa ananingoja mimi, na mteja aliyechungulia mlangoni akaona heri arudi kesho. Binti alimwacha alie. Yeye alikuwa ameshavuta kompyuta upande wake, amefika kwenye zile aya tatu za mama. Alikuwa anasoma habari za bibi yake ambazo hakupata kuzisikia, midomo ikicheza, na mara moja akacheka.

Sindano alipotulia alimwambia kwamba haya yalikuwa ya baba yake na sasa ni yake. Akitaka, atayapakua yote, ampe aondoke nayo, na hapa asibakize hata herufi. Uamuzi si wake tena. Yeye alishaamua mara moja, na matokeo wote wameyaona.

Binti alifikiri. "Yeye alitaka yakae wapi?"

"Chini ya maandiko yetu."

"Basi nipe nakala. Halafu umruhusu."

Palikuwa na kitufe cha kuyakubali yote kwa mkupuo. Sindano hakukigusa. Alianza moja moja, kutoka la mwisho kurudi nyuma, anasoma kwa sauti, anabonyeza, binti anasikiliza. Walikuwa wamefika la thelathini na kitu simu ilipoita. Alikuwa Muuguzi, ambaye hawakuongea tangu mazikoni. Alisema yuko zamu, simu yake imelia mfukoni, ameitoa akakuta imeandikwa kwamba Bwana Mizani ametoa maoni kwenye andiko lake la yule mtoto.

"Amenipa kilo nzima," alisema. "Sindano, hajawahi kumpa mtu kilo nzima. Kuna nini?"

Sindano aliacha kubonyeza. "Kabla hujasema lingine," alisema, "yale maoni hayakuwahi kuwa kwenye diski. Niliyafuta mimi. Ya kwake, ya kwenu, yote. Haya aliyaandika upya kabla hajafa, na mimi sikuyafungua."

Upande wa pili zilisikika sauti za wadi, mtoto mmoja akilia, kitanda kikisukumwa, mlango. Binti akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Kisha Muuguzi akapenga kamasi.

"Mwoka Mikate amepewa ngapi?" akauliza.

Sindano alijifuta uso kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akaivuta kompyuta karibu, akaanza kumtafutia.