Bugali kwa Delphin

Kila asubuhi Georgette alimimina chai kwenye vikombe viwili, kikombe cha mumewe kikitangulia kwa vijiko vitatu vya sukari. Jumatano hiyo Delphin alikuwa ndiyo kwanza amechovya mkate wake, polisi wawili wakainamisha vichwa na kupita mlangoni.

"Georgette, wananikamatia nini?" aliuliza huku akishikwa mkono.

Georgette alitazama mkate ukizama kikombeni.

Alijua vizuri sana. Jumatatu, akipanda na bidoni ya maji kwenye ngazi za udongo za mtaa wao wa Cimpunda, aliteleza, na jicho lake likakutana na nguzo ya jirani. Kesho yake, bombani, Mama Virginie, kiongozi wa akina mama wa mtaa, akamshika kidevu.

"Nani alikufanya hivi?"

Sasa, Delphin alikuwa ametoka Katana jana yake tu. Alikwenda kwenye ndoa ya binamu yake, siku nne, peke yake, akiwa na shati ambalo Georgette mwenyewe alilipiga pasi. Hasira ilikuwa bado mbichi.

"Ni Delphin," akasema.

Alidhani maneno yataishia bombani. Lakini Mama Virginie hakuwa mtu wa kuacha jambo lilale. Alimvuta hadi ofisi ya polisi, na Georgette, ambaye tangu utoto aliona haya kumpinga mtu mkubwa, akarudia uongo wake na kutia sahihi.

Kasho, mahabusu ya polisi, haina mpishi. Mtu akifungwa, hulishwa na watu wake, na mjini Bukavu Delphin alikuwa na mtu mmoja tu. Basi mchana Georgette akasonga bugali, akakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, akafunga sahani kwa kitambaa safi na kumpelekea mtu aliyemfungisha mwenyewe.

"Eh, maman!" Papa Anaclet, polisi mwenye kuandika mashitaka, aliangua kicheko. "Bwana anakupiga, na weye unamuletea sambaza?"

"Sasa atakula nini, papa?"

Sauti ya Delphin ikatoka nyuma ya mlango wa mbao: "Georgette, uliweka pilipili?"

"Niliweka."

"Aksanti."

Afadhali angemtukana.

Alhamisi alirudi na sahani nyingine. Papa Anaclet alikuwa tayari na kalamu mbele ya faili la Delphin.

"Kesho hii dosie inapanda ku parke, kwa mwendesha mashitaka, na kule hakuna mchezo. Lakini miye naona hii mapendo yenu. Niandike mumesamehana, aende kwake?"

Njia rahisi hiyo! Delphin angetoka, na Georgette asingelazimika kusema kitu. Mtaa ungemwita Delphin mpiga mke, ndiyo, lakini mtaa husahau. Georgette alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali, mwanamke mmoja akasimama kutoka kwenye benchi. Alikuwa Lydie, muuza mboga wa barabara ya juu. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, mkono umefungwa kwa kitenge.

"Papa, na miye nilikuja juu ya bwana yangu…"

"Maman Lydie, rudia nyumbani," alisema Papa Anaclet bila ubaya. "Huyu naye alilia hapa juzi. Angalia ile sahani! Kesho na weye utaleta yako."

Polisi wakacheka. Lydie aliokota kikapu chake upesi na kuelekea mlangoni, kama mtu aliyetegemea jibu hilo tangu nyumbani, na upesi huo ndio uliomchoma Georgette.

Akaweka sahani mezani, juu ya dosie.

"Papa, usiandike tumesamehana."

"Sasa niandike nini?"

"Andika nilidanganya." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikafika hadi nyuma ya mlango wa mbao. "Nilianguka na bidoni. Delphin hajanigusa hata siku moja. Alienda ku ndoa na akaniacha, nikakasirika, nilitaka tu aniombe musamaha. Kama ni kunifunga, unifunge. Lakini ule maman hakuanguka, papa. Umurudishe, uandike mashitaka yake kwanza."